Dripu ya Kuharakisha Uchungu

Mama mpenzi, utokapo Laela au Matai kwenda kujifungua hospitali Sumbawanga, waenda ili mwenye elimu awe karibu nawe. Ni vema, wala usiache. Lakini leo tusemezane juu ya dripu ya kuharakisha uchungu, maana wengi hudhani kila mama lazima awekewe.

Dawa iliyomo huitwa oksitosini. Sindano yake baada ya mtoto kutoka huzuia damu, hiyo usiikatae. Kabla ya mtoto kutoka ni habari nyingine. Ikizidi, uchungu hufuatana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa tumboni, hata mji wa mimba waweza kupasuka. Kwa hiyo, kama ulikunywa mizizi ya uchungu nyumbani, nakusihi usifiche. Bibi aliyekupa hakukusudia ubaya, lakini mizizi na dripu pamoja ni hatari.

Haraka hii yatoka wapi? Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, huko Rhodesia (leo Zimbabwe), walichora karatasi yenye mstari: njia ifunguke sentimeta moja kwa saa. Shabaha yao ilikuwa mkunga wa mbali ajue mapema nani apelekwe hospitali. Baadaye, mahali pengi, mstari ule ukageuka kiboko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kwamba kwa akina mama wengine mwendo huo ni wa haraka mno; tena kuongezewa njia kwa mkasi kusiwe desturi kwa kila mzazi.

Kule Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, tangu mwaka 2015 wakunga na madaktari walijifunza pamoja kwa kijitabu kifupi walichoshiriki kukitunga. Dripu zikapungua, na watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Si dripu peke yake: moyo wa mtoto nao ulisikilizwa mara nyingi zaidi.

Mkunga wetu mara nyingi yu peke yake na wazazi wengi, simlaumu. Lakini kumwuliza si utovu wa adabu: “Sista, dripu hii ni ya nini? Moyo wa mtoto waendeleaje?”

Nawe baba, usingoje siku ya uchungu. Uliza kliniki mapema kama dada yake au mama yake ataruhusiwa kukaa naye leba, maana Shirika hilohilo limeshauri mzazi awe na mwenzi amtakaye.