Vita Tulipigana Wengi, Vitabu Wameandika Wao



Nimejizuia muda mrefu lakini leo nitasema. Kila nikitaja kwamba naandika khabari za vita vya Dhofar, huja mtu akanambia, "Mzee, hayo yamepita, yaache." Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ukimgusia Januari 1964 hatalala mpaka alfajiri! Yaani yaliyopita mengine ruhusa kufukuliwa, mengine yafukiwe. Nani aliyeamua?

Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, 1951. Oman nimeingia 1971, mwaka mmoja baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani walioko nje warudi. Kazi niliyoipata ni jeshi, na jeshini nilikuwa mtu wa redio. Leo nakaa Ghala, ambako mchana kutwa ni kelele za magereji, kwa hiyo naandika baada ya sala ya alfajiri kabla nyundo hazijaanza. Daftari zimefika nne. Zote kwa Kiswahili.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kwa nini Kiswahili? Andika Kiarabu, ndiyo lugha ya nchi. Andika Kiingereza, utasomwa na dunia. Haya, tuitazame hiyo dunia imesoma nini. Vita vile vilianza 1965 vikatangazwa kwisha Disemba 1975. Mwaka huo huo wa 1975 Ranulph Fiennes keshatoa kitabu chake. Tony Jeapes akafuata 1980. John Akehurst, aliyekuwa kamanda wa brigedi ya Dhofar, akatoa chake 1982 na kukiita We Won a War, yaani Tulishinda Vita. Ian Gardiner akatoa 2006. Wote maofisa kutoka Uingereza, na siwalaumu hata kidogo. Walikuwepo, waliona, wakaandika. Lakini hiyo "tu" ya Tulishinda ni ya nani? Mabaluchi waliojaa safu zetu wamo? Vijana wa Dhofar waliojisalimisha wakaingia firqa, wakapigana na wenzao wa jana, wamo? Wamo, lakini kama walivyoonekana na ofisa wao. Mirbat, 19 Julai 1972, kila mtu anawajua wale askari 9 wa SAS. Sasa muulize mtu huyo jina la mpiga mzinga Muomani aliyejeruhiwa pale pale kwenye ule mzinga uliotia sifa. Aliitwa Walid Khamis.

Na la kuchekesha zaidi: Aprili 1972 jeshi lilipokwenda kushika vilima vya Sarfait, mpakani na Yemen, operesheni ile ilipewa jina gani? SIMBA. Neno letu, wallahi! Adui tulimwita adoo, nalo ni neno lile lile tulilokuwa tukilisema skuli Unguja. Mimi na mwenzangu mmoja wa Vikokotoni tukisemezana Kiswahili redioni, maana Kiarabu upande wa pili wanakisikia vizuri kuliko sisi. Basi vita vilivyokuwa na Kiswahili ndani yake, leo naambiwa haviandikiki kwa Kiswahili. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, vita vya Kagera havijapoa. Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010. Lugha ilitosha. Kinachopungua ni watu.

Tujisute kidogo. Wanajeshi wetu wakiandika, mara nyingi tunawakimbia. John Okello alitoa Revolution in Zanzibar, Nairobi, 1967. Mwaka huo huo na Nairobi hiyo hiyo, Waruhiu Itote, Jenerali China, alitoa chake. Huyu alipigana Burma chini ya Waingereza kabla hajaingia msituni kupigana nao. Cha Okello wengi wetu hatukiamini, na mimi simo katika wanaokiamini. Mtu aliyejipa mwenyewe ufildimashali atashindwaje kujipa na mengine? Lakini jamani, waliokuwa nao usiku ule, wenye bunduki na wenye kulengwa, wangapi waliacha hata kurasa kumi? Tulimwachia kalamu, kisha tukatumia nusu karne kumwita muongo barazani. Muongo aliyeandika anamshinda mkweli aliyenyamaza, na huo ndio msiba wetu.

Nami nisije nikajitia ukweli wa bure. Mtu wa redio anajua ya redioni. Yako mambo niliyoyasikia tu, na daftarini nimeandika "nilisikia".

Sasa nije kwenye linaloniuma. Yule mwenzangu wa Vikokotoni alikufa Sarfait 1973, wakati wa khareef. Mwanawe yuko Uingereza, mtu mzima, nilimpelekea kurasa za baba yake. Akanipigia simu kwa hasira. Nimeandika kwamba siku tatu kabla ya kifo alikataa kutoka kwenye handaki la mawe, akalia, akamwita mama yake. "Ami, baba yangu ni shahidi. Unamvunjia heshima. Ifute." Nilimwambia, mwanangu, mimi nililia kabla yake, na hilo nalo limo, ukurasa wa nyuma yake. Siku ya nne alitoka kwa miguu yake kwenda kufunga waya uliokatika, ambao ulikuwa zamu YANGU kuufunga. Nikikifuta kilio, huko kutoka kwake kutakuwa kutoka kwa nani? Kwa picha ya ukutani, si kwa mtu. Hakunijibu mpaka leo.

Basi nikaenda kwa mama yake, hapa hapa Muscat, naye ndiye mwenye haki kuliko mimi na kuliko mwanawe. Nilimsomea zote mbili, yangu na ya mumewe. Kule juu hakukuwa na barabara, kila kitu kililetwa na helikopta, na khareef ikishusha ukungu helikopta haziji. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Aliuliza jambo moja tu, siku ile maji yalikuwa yamefika?

Nikamwambia hayakufika. Akasema, "Na hilo liandike." Nimeliandika.