Arudhi za Ukurasa wa Tovuti: Je, Zina Faida kwa Mtunzi?

Mtunzi mmoja kijana, ambaye kazi zake nazipenda, aliniandikia hivi karibuni akilalamika. Alikuwa ameshauriwa aziandike upya kurasa zake za mashairi ili zifuate viwango vya wavuti, naye hakuona sababu ya kujitaabisha. "Mwalimu, ukurasa unafunguka, beti zinaonekana, watu wanasoma. Hizo kanuni ni za nini?"

Swali lake ni la haki. Mimi si fundi wa kompyuta. Katika chuo cha ualimu nilikosomea hapakuwa na hata moja, na haya machache nimeyajua baada ya kustaafu, kwa kusoma na kwa kuwasumbua wajukuu. Hata hivyo naona kwamba jambo hili linatuhusu sisi watunzi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na yanayomuunga mkono kijana wangu. Vivinjari vina huruma mno. Ukisahau kuifunga aya, kivinjari kitakufungia. Ukizipanga alama kombo, kitakisia ulichokusudia. Katika miaka ya 1990, Netscape na Internet Explorer ziliposhindana, hakuna aliyetaka kivinjari chake kionekane kinashindwa kufungua ukurasa ambao cha mwenzake kinaufungua. Shirika la W3C, lililoasisiwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, lilijaribu kuleta nidhamu. Mwaka 2000 likatoa XHTML 1.0, ambayo ikifuatwa kwa ukali wake wote, kosa moja dogo hutosha kuuzuia ukurasa mzima usionekane. Watu waliikimbia. Viwango vya HTML vya leo vimekwenda upande wa pili kabisa: vinakieleza kivinjari, hatua kwa hatua, namna ya kuyapokea makosa ya waandishi. Kwa hiyo ukurasa guni huonekana, na mwenye nao hulala usingizi.

Nakiri pia kwamba palikuwa na majivuno katika jambo hili. Wako waliobandika nembo chini ya kurasa zao kutangaza kwamba wamepita ukaguzi, kama mtunzi anayejisifia mizani kamili katika shairi lisilo na neno la kukumbukwa. Utiifu wa namna hiyo siutetei.

Lakini huruma ya kivinjari ni kwa ajili ya macho tu. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani asiyeona, mpenzi mkubwa wa tarbia, ambaye husomewa kurasa na programu ya kusomea skrini. Siku moja alinipigia simu akiniuliza kama kuna bahari mpya ya ushairi ambayo hakufundishwa. Nilipoufungua ukurasa aliokuwa akiusikiliza, nikaona shairi zuri la kimapokeo, ukwapi kushoto na utao kulia, limepangwa kwa unadhifu wa kupendeza. Tatizo lilikuwa chini ya pazia. Mwenye ukurasa alitumia jedwali, akaziweka kwapi zote nne za ubeti katika kisanduku kimoja, na tao zote nne katika kisanduku cha pili. Programu ilifanya ilichoambiwa: ikasoma kisanduku cha kwanza hadi mwisho, kisha cha pili. Yeye akasikia nusu nne za sentensi, halafu nusu nyingine nne. Mtu mwenye macho hawezi kuligundua kosa hilo hata akikaa mbele ya ukurasa siku nzima.

Jambo la pili ni lugha. Kiwango kinamtaka mwandishi autambulishe ukurasa kwa lugha yake, na kwa Kiswahili ni herufi mbili tu: sw. Kurasa nyingi hujengwa kwa violezo vilivyotoka ugenini, ambavyo tayari vimejitambulisha kuwa ni vya Kiingereza, na hakuna anayejali kubadilisha. Basi programu ikiutii utambulisho huo, itasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Chukua neno "pole" au "mate": kila moja lina mizani mbili, lakini katika kinywa cha Kiingereza linakuwa na mizani moja. Vina vinakufa, mizani zinapungua, na mtunzi aliyekesha akihesabu kwa vidole anahukumiwa kwa kosa la herufi mbili. Wala si kwamba sauti ya Kiswahili haipo. Programu huria ya eSpeak NG inacho Kiswahili, na inatumika ndani ya NVDA, programu ya kusomea skrini isiyolipiwa hata senti. Inangoja kuambiwa tu.

Hapa najua nitajibiwa na wenzangu wa mashairi huru: "Mwalimu, umeturudisha kwenye sheria zile zile." Ugomvi huu tunaufahamu. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na tangu hapo tumebishana hata sauti zikakauka. Mwenye kuziacha arudhi kwa makusudi simwiti mkosaji. Ila ninavyoona mimi, mtunzi wa shairi huru ndiye anayevihitaji viwango vya wavuti zaidi ya mwanamapokeo.

Sababu yake ni hii. Shairi la kimapokeo lina kamba zake lenyewe. Nipe tarbia iliyovurugwa, mishororo yote imeungana kama aya ya insha, nami nitaurudisha kila mshororo mahali pake kwa kufuata vina na kuhesabu mizani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kazi hiyo. Shairi huru halina kamba hizo. Mahali mshororo unapokatika, pengo linaloachwa katikati, neno moja lililosukumwa peke yake hadi upande wa kulia: hayo ndiyo arudhi yake, na hayakuandikwa popote isipokuwa katika umbo. Sasa, HTML kwa kawaida huihesabu safu ya nafasi kumi kuwa nafasi moja. Mtunzi akibonyeza kitufe cha nafasi mara kumi ili alisogeze neno, ukurasa unaweza kumla nafasi tisa. Umbo likishapotea hivyo, hakuna hesabu ya kulirudisha.

Wengine wamelikwepa tatizo hilo kwa kulipiga shairi picha na kuibandika. Umbo limesalimika, ndiyo. Lakini shairi haliwezi kutafutwa, haliwezi kunukuliwa bila kunakiliwa upya, na mwanafunzi wangu asiyeona hapati kitu.

Dawa iliyomo katika viwango ni nyepesi kuliko hila zote hizo. Ubeti uwe aya. Mshororo ukatwe kwa alama ya kukata mstari, na hapa kuna jambo litakalowafurahisha: kiwango chenyewe cha HTML, kinapoeleza matumizi halali ya alama hiyo, kinatoa mfano wa mashairi na anwani za barua. Watu wale walitukumbuka. Nafasi za makusudi nazo zina amri yake ya mtindo inayokiambia kivinjari kisizipunguze. Ukiuzoea mpangilio huu, shairi moja halikuchukui muda mrefu kuliko kusahihisha daftari moja la insha.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mgeni atakayetufanyia. Bila shaka mmewahi kukutana na neno kama ngâ€™ombe mtandaoni. Hiyo ni alama ya ng' iliyopindwa, iliyohifadhiwa kwa UTF-8 lakini ikasomwa kwa mfumo mwingine kwa sababu ukurasa haukujitambulisha. Hilo linatibika kwa mstari mmoja. Lakini hata ukijitambulisha, Unicode ina angalau alama tatu zinazotumika mahali hapo: ile iliyonyooka, ile iliyopindwa ya kufungia usemi, na ile inayohesabiwa kuwa herufi. Kwa macho zinakaribiana. Kwa kompyuta ni vitu vitatu, na mwenye kutafuta "ng'ambo" kwa alama moja anaweza kulikosa shairi lililoandikwa kwa nyingine. Kwetu ng' ni sauti kamili inayobadili maana, maana "ng'oa" si "ngoa". BAKITA, BAKIZA, walimu wa vyuo na watunzi wa kamusi hawana budi kuketi na kutuambia tuandike ipi. Mimi kwa sasa naandika iliyonyooka, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kibodi za kawaida. Mwenye hoja ya kuikataa aitoe. Niko tayari kuzibadilisha kurasa zangu zote.