Tafuta lita zilizofichwa

Mzazi mwenzangu wa Machochwe, mwanao akileta swali hili, usimkimbie: ng'ombe watano wametoa wastani wa lita 4 za maziwa. Wanne wametoa 2, 3, 3 na 9. Wa tano katoa ngapi?

Wastani ni maziwa yote yakigawanywa sawasawa. Basi rudi nyuma: 4 mara 5 ni 20, ndizo lita zote. Zinazojulikana ni 17. Zilizofichwa ni 3.

Atakutana pia na namba ya katikati, yaani mediani. Hapo lazima apange kwanza, ndogo hadi kubwa: 2, 3, 3, 3, 9. Ya katikati ni 3, si 4. Ng'ombe mmoja wa lita 9 ameuvuta wastani juu. Wenzake wote wanne wako chini yake.

Namba zikiwa nne, katikati zinabaki mbili. Mfano 2, 3, x, 9 zimeshapangwa, na mediani ni 4. Basi 3 na x jumla yake ni 8, hivyo x ni 5.

Hesabu hii inamhusu hata mzazi. Wastani wa darasa ukiwa 50 na mwanao kapata 45, usimgombeze haraka. Huenda wachache wenye alama za juu wameuvuta, naye kawapita zaidi ya nusu ya wenzake. Muulize mwalimu: alama ya katikati ni ngapi?