Mitambo, Siasa na Hesabu za Darasani

Mwalimu wenu mmoja ameniomba niwaandikie wasomaji wa gazeti hili machache juu ya mambo niyaonayo katika kazi yangu ya kuandika habari. Nilipomwuliza ni habari gani, alijibu kuwa zozote zile, mradi ziwe za mitambo au za siasa, maana wanafunzi hubishana juu ya hayo mawili mpaka kengele ya kulala. Basi nimechagua jambo ambalo yote mawili yamo ndani yake, nalo ni hesabu ya kura katika nchi yetu ya Kenya.

Sisi watu wa magazeti tuna ugonjwa mmoja. Kikija chombo kipya twakisifu kabla hakijafanya kazi, na kikiharibika twakilaani kana kwamba kilikuwa na nia mbaya. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi, 2013, tuliandika sana juu ya vyombo vya kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole. Siku ilipofika, vingi vilizimika kwa kuwa betri zake zilikwisha, na makarani wakarudia daftari lililopigwa chapa. Kisha kura zilizoharibika zikaonekana katika televisheni kuwa zaidi ya laki tatu, na mabishano makali yakazuka: je, zihesabiwe au zisihesabiwe katika jumla? Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba kosa lilikuwa katika programu ya kompyuta, ambayo ilikuwa ikizizidisha kura hizo kwa nane. Kwa nane, jamani! Mwisho wake zilionekana hazikufika hata 109,000.

Mwaka wa 2017 mambo yalikuwa mazito zaidi. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, na moja ya sababu ilikuwa kwamba tume haikutimiza sawasawa amri ya mahakama ya kuruhusu kompyuta zake zichunguzwe. Tangu hapo neno "seva" limo hata vinywani mwa wauza mboga, ingawa ni wachache wawezao kusema ni kitu gani. (Ni kompyuta itunzayo habari na kuzigawia kompyuta nyingine, si zaidi.)

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, 2022, ulileta jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa jema kuliko mitambo yote tuliyowahi kuisifu. Katika kila kituo msimamizi hujaza karatasi iitwayo Fomu 34A, mawakala wa wagombea wakaitia sahihi, kisha ikapigwa picha na kupelekwa Nairobi. Safari hii tume iliziweka picha hizo katika intaneti, mbele ya macho ya kila mtu. Vituo vilikuwa 46,229. Mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Wako vijana waliofanya hivyo usiku kucha, na sisi waandishi pia tulifanya, ingawa kwa siku kadhaa jumla za kituo kimoja cha televisheni hazikufanana na za kingine, kwa kuwa kila mmoja alianza na fomu zake.

Lakini kisa nilichotaka hasa kuwasimulia ni cha tarehe 15 na 16 Agosti. Matokeo yalitangazwa hivi: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, na David Waihiga Mwaure 0.23. Makamishna wanne kati ya saba waliyakataa. Walikuwa na malalamiko mengine, na mahakama iliyasikiliza; moja lao lilikuwa kwamba ukizijumlisha asilimia hizo unapata 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000.

Hebu mwanafunzi wa kidato cha kwanza achukue kalamu. Kura halali zilikuwa kama 14,213,000. Asilimia 0.01 ni sehemu moja katika elfu kumi. Basi ni kura 1,421, wala si 142,000. Na hata hizo hazikuwa kura za mtu. Gawanya kura za kila mgombea kwa jumla, utaona kwamba wote wanne, walipoandikwa kwa tarakimu mbili baada ya nukta, walisogezwa juu kidogo. Mathalan Wajackoyah alikuwa na 0.436, ikaandikwa 0.44. Visogezo vinne hivyo ndivyo vilivyofanya 0.01.

Hesabu hiyo ni ya dakika kumi. Walakini ile laki moja na arobaini ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima kabla ya sisi kuigusa, na nakiri kuwa mimi mwenyewe niliandika habari ile kwanza, nikagawanya baadaye. Watu walikuwa barabarani tayari, wengine kwa furaha na wengine kwa hasira. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliyathibitisha matokeo.

Naambiwa wengi wenu mwataka kura za miaka ijayo zipigwe kwa simu, kama tutumavyo fedha. Mimi sitaki. Fedha zikipotea, mwenyewe hulia siku ile ile, kwa maana ajua alikuwa na kiasi gani; kura ni ya siri, na ikipotea ndani ya mtambo hakuna wa kulia. Nataka karatasi ibaki. Nakala ya Fomu 34A hubandikwa nje ya kituo, na vituo vingi ni madarasa kama yenu. Uchaguzi ukipita, nendeni mkaisome pale mlangoni, kisha mlinganishe na picha iliyofika Nairobi. Mkiona zimetofautiana, niandikieni.