Kwa Lengai, lala Engaresero
Anayepanga likizo ya kaskazini huambiwa afikie Karatu, na kwa anayefuata kreta ya Ngorongoro ushauri huo ni sahihi: geti la Lodoare liko jirani, hewa ni ya ubaridi na vyumba vipo vya kila bei. Ila kwa anayetaka Ol Doinyo Lengai, Ziwa Natron na magofu ya Engaruka, Karatu itamshindisha garini, maana kila safari ni kuteremka kwanza hadi Mto wa Mbu ndipo ashike njia ya kaskazini. Na Lengai, mita 2,962, hupandwa kuanzia usiku wa manane ili jua lisimkute mtu kwenye miinuko ile ya majivu. Sasa huyo wa Karatu aondoke saa ngapi? Kijiji cha Engaresero kiko chini ya mlima wenyewe. Zipo pia nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizogandia kwenye majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, na maporomoko ya korongoni yanayofikiwa kwa miguu. Mpenzi wa makasri asiidharau Engaruka: hakuna mnara wala lango la mfalme, bali matuta ya mawe na mifereji ya wakulima walioondoka yapata karne ya 18, nayo iko njiani. Joto? Kweli, mchana wa bondeni ni tanuri, lakini matembezi ni ya alfajiri na jioni. Barabara siitetei hata kidogo; ndiyo maana ni heri kuipita mara mbili tu, kwenda na kurudi.