Mzee wa Kijijini Naye Asiachwe Peke Yake

Ipo imani iliyoenea miongoni mwetu kwamba upweke ni maradhi ya mjini. Husemwa kwamba mzee aliyeko kijijini hana la kuhofia, kwa kuwa ana ukoo wake, shamba lake na watu wa kuzungumza nao jioni. Ndiyo maana inaposikika kwamba mzee amejitoa uhai kijijini, watu hustaajabu siku moja, kisha hunyamaza. Sisi tunasema kwamba imani hiyo inapendeza masikioni, lakini inawaponza wazee wetu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba karibu katika kila sehemu ya dunia hatari ni kubwa zaidi kwa waliotimiza miaka 70. Nchini China, kati ya mwaka 1995 na 1999, kiwango cha kujiua vijijini kilikuwa mara tatu ya kile cha mijini, na wazee wa vijijini ndio walioathirika mno. Watu hao nao walikuwa na koo zao na mashamba yao.

Na tuitazame Msangano, katika Wilaya ya Momba, hapa mkoani Songwe. Vijana wa vijiji vyake huvutwa na Tunduma, mji wa mpakani ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia, na ambako biashara hailali. Hatuwalaumu, kwani riziki hufuatwa iliko. Lakini anayebaki nyuma ni babu au bibi, pengine na wajukuu wa kulea. Mwenzake wa ndoa amekwisha kufariki, macho yamefifia, magoti yanauma, na jembe bado linamngoja, maana asipolima hali. Mzee aliyezoea kuombwa shauri hujiona amegeuka mzigo. Anapoanza kusema kwamba amechoka kuwa mzigo, wanaomsikia wasidhani anatania.

Mzee wa Tunduma naye ana taabu zake. Huenda anaishi katika chumba cha kupanga, na majirani hawalijui jina lake. Hata hivyo, akizidiwa usiku, gari hupatikana na tabibu hayuko mbali. Mwenzake wa kijijini hutegemea pikipiki, na wakati wa masika hutegemea pia huruma ya njia.

Tena iko tofauti nyingine. Katika nyumba nyingi za wakulima, dawa za kuulia wadudu wa shambani huwekwa mle mle wanamolala watu. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba kiasi cha moja ya tano ya vifo vya kujiua duniani hutokana na sumu hizo, hasa vijijini. Dhiki ya saa moja, ambayo pengine ingepungua kulipokucha, hugeuka kifo kwa kuwa sumu i karibu na tabibu yu mbali.

Jambo hili linazuilika. Sri Lanka ilipiga marufuku dawa zilizo kali mno, na kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 70. Basi serikali za vijiji na vyama vya ushirika havina budi kuhakikisha kwamba dawa za shambani zinawekwa katika ghala lenye kufuli, na kwamba zile za hatari zaidi haziuzwi ovyo.

Sheria nayo itazamwe upya. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia inayoogopa polisi huficha habari, na anayefichwa hatibiwi. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo nchini humo ni kinyume cha Katiba. Nasi tuone kwamba mtu wa namna hiyo anamhitaji tabibu kuliko hakimu.

Juu ya hayo, umaskini wa uzeeni upunguzwe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, iwe waliwahi kuajiriwa au la. Kiasi cha kuanzia, shilingi 20,000 kwa mwezi, hakikuwa kikubwa, lakini mzee mwenye chake mkononi hajioni mzigo. Tanzania Bara inayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Mkulima mzee wa Msangano anangoja sera hiyo imfikie mlangoni.

Yapo pia yasiyohitaji fedha. Balozi wa nyumba kumi, mchungaji, shehe na mhudumu wa afya wanaweza kuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na kila mmoja wao akatembelewa walau mara moja kwa wiki. Kijana aliyeko Tunduma, pamoja na fedha anazotuma kwa simu, apige pia simu hiyo kumjulia hali mzazi wake. Na kwako wewe mzee wetu uliyeelemewa, tunakusihi mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo hii, kisha mwende pamoja zahanati.

Wazee hawa ndio vijana wa miaka ya 1970, walioitikia wito wa kuhamia vijijini na walioishuhudia, wengine kwa mikono yao, reli ya TAZARA ikijengwa hadi Tunduma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusingoje mshindo ndipo twende kubisha hodi.