Wanaotaka NYS Mnawafukuza, Sisi Mnataka Kutuburuta

Kila baada ya miezi kadhaa lazima mzee fulani ajitokeze kwa TV na dawa ya vijana: wote wapelekwe NYS kwa lazima, wakafunzwe adabu. Baada ya maandamano ya Juni 2024 hata mjomba wangu aliingia hiyo timu. Swali langu ni moja. Ushawahi kufika kiwanjani siku ya usajili wa NYS?

Nenda siku moja. Utapata vijana wamefika kabla ya jua, vyeti kwa bahasha ya kaki. Wanakaguliwa meno, miguu, makovu, kila kitu. Jioni wachache wameandikwa, wengine wanatafuta nauli ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyewalazimisha kuja, manze! Sasa unawaacha hao hapo wakilia halafu unakuja kunisaka mimi, ati niokolewe. Kama nafasi na pesa zipo, si uanze na waliopanga foleni?

Na hii movie ishachezwa. NYS ilianza 1964 na watu walijiunga kwa hiari. Ilipofika 1984, wanaoingia chuo kikuu wakalazimishwa kupitia huko kwanza. Piga hesabu: ni miaka miwili tu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wakati wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kushangilia. Usiniambie serikali iliamka tu asubuhi ikakumbuka uzalendo. Walitaka watu watulie. Wakatulia? 1985 kulikuwa na fujo chuoni, 1987 tena, chuo kikafungwa. Mpango wenyewe ukaachwa mwaka wa 1990.

Halafu hii adabu mnayotaka kutupa, nani atafundisha? Mwaka 2015 tulisikia Sh791 milioni za NYS zimeyeyuka. 2018 yakawa mabilioni, wakubwa wakapandishwa kortini. Sijasikia kurutu wa miaka 19 akitajwa hapo. Alikuwa anachimba mtaro.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia NYS ilimtoa mtaani. Nakuamini, boss. Binamu yangu alitoka huko akijua kuendesha tingatinga, leo analipa kodi ya nyumba na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili namkopa. Lakini yeye aliitaka. Alijaribu mara tatu kabla achukuliwe! Hiyo ndiyo hasira yangu yote. Mara mbili alirudishwa, na miaka hiyo yote kuna mtu kwa studio analia ati vijana hawataki kuhudumia nchi.

Katiba nayo, kifungu cha 30, inakataza kumlazimisha mtu kufanya kazi. Someni, iko fupi.

Na mkikataa kusikia, sawa, pitisheni hiyo sheria. Ila makurutu wa kwanza wawe watoto wa wabunge walioipigia kura, na simu za kumpigia kamanda zibaki getini.